Tega: neno moja au maneno manne?

Waalaykum salaam, dada yangu. Swali lako la kutoka Chake Chake nalifupisha ili na wengine wafuate. Mwanao wa darasa la sita amerudi kutoka skuli na kazi ya kueleza maana za neno "tega". Akakubana: babu anatega dema, yaani mtego wa samaki, bibi anatega kitendawili, mwalimu anasema "tegeni masikio", na kaka mtu anaambiwa kila siku kwamba anategea kazi. Haya ni maneno manne yaliyofanana kwa bahati, au ni neno moja? Ukaongeza kwamba mwalimu wao wa Kiingereza anajisifia "catch" yake, yaani kukamata, kwamba hiyo peke yake inafanya kazi zote hizo.

Ni neno moja. Linalowababaisha watu ni kudhani kwamba kutega ni kukamata. Mtu akishaanza hapo, sikio halieleweki, kitendawili hakieleweki, na yule mvivu ndiye haeleweki kabisa, maana hakamati chochote.

Mrudishe mwanao kwa babu yake na dema. Mvuvi wa madema, awe wa Chwaka au wa Kojani, analo dema lake lililosukwa kwa mianzi iliyochanwa, la pande sita, na matundu yake nayo yana pembe sita. Mdomo wake ni mpana kwa nje, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo unavyobana. Samaki kuingia ni rahisi. Kutoka inabidi akutane tena na ule mwanya mdogo, naye huzunguka pembeni tu akitafuta njia kwenye kuta. Mvuvi analitia chambo na mawe ya kulituliza, analizamisha penye majani ya bahari ambako chafi, changu na pono hupita kula, anaweka alama zake kwa kuangalia pwani, kisha anaondoka zake. Kesho, au kesho kutwa, atakuja kuliopoa.

Sasa muulize mwanao: huyu mvuvi ametega saa ngapi? Ametega pale dema lilipokaa chini na yeye akaondoka. Wakati huo hakuna samaki hata mmoja ndani. Ndiyo maana babu yake anaweza kusema "jana nilitega, leo sikupata kitu", na hakuna atakayemshangaa isipokuwa kumpa pole. Hawezi kusema "jana nilinasa, sikupata kitu." Hiyo haikai. Kukamata kumo ndani ya nasa. Ndani ya tega hakumo.

Lugha yenyewe inatupa ushahidi mwingine, na huu mimi naupenda kuliko wote. Kiswahili kina vitenzi vinavyofanyiwa na kurudishwa: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, panga na pangua. Tega inarudishwa kwa tegua. Nasa inarudishwa kwa nasua. Ndege akiwa kwenye ulimbo, miguu imegandana na kijiti, unamnasua, humtegui ndege. Mtego uliokaa tayari, haujapata kitu, nawe unataka watoto wapite salama, unautegua, huunasui mtego. Kama tega na nasa zingekuwa kitu kimoja, zisingehitaji njia mbili za kurudi. Ndiyo maana tunasema bomu limetegwa na wataalamu wamelitegua. Walilitegua kwa sababu lilikuwa bado halijaripuka. Likisharipuka hapana tena cha kutegua.

Kwa hiyo kutega ni kukiweka kitu tayari, mahali pake, katika njia ya mwengine, halafu kumngojea aje kwa miguu yake. Kuna kuweka, kuna njia ya mwengine, kuna kungoja. Ukiyashika hayo matatu, maana zote za mwanao zinakaa sawa.

Na hapa utaona tega inavyotofautiana na jamaa zake. Anayewinda anamfuata mnyama. Anayevizia amejificha mwenyewe kichakani, na anayeotea vilevile. Ndiyo maana watangazaji wa mpira, mshambuliaji akiwatangulia mabeki na kukaa peke yake karibu na goli akingojea mpira umfuate, husema ameotea. Hao wote wapo pale pale kwa viwiliwili vyao. Mtegaji ameshakwenda nyumbani kulala. Kazi ameiacha kwa kifaa, na kifaa hakina macho: mtego wa panya huingia aliyekuwemo na asiyekuwemo. Watu huitumia methali hiyo wakizungumzia dhuluma ya kumwadhibu asiyehusika, na ni sawa, lakini kwanza inaeleza tabia ya mtego. Mtego hautegewi mtu, unategewa njia. Atakayepita, ndiye.

Tuje kwa kitendawili, ambako nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa neno limefanya jambo la ajabu.

Bibi anasema: "Kitendawili!" Watoto wanapiga kelele: "Tega!" Angalia nani anasema nini. Windo ndilo linaloomba kutegewa. Hakuna chafi aliyewahi kumwambia mvuvi alete dema. Lakini watoto wamekaa jamvini, wanajua wanakwenda kunaswa, na wanataka. Bibi anatega: "Popoo mbili zavuka mto." Basi. Kama mvuvi, hana tena la kufanya. Ameliweka neno katika njia, naye anatafuna tambuu yake na kungoja.

Na njia ni ipi? Ni njia ya mawazo ya watoto. Popoo wanaijua, ni kokwa ndogo ya mviringo anayoitafuna bibi huyo huyo, kwa hiyo fikra zao zinakimbilia kwenye popoo: zimeanguka majini, zinaelea, kuna mtu kazibeba mfukoni. Kila jawabu linawaingiza ndani zaidi, na chambo ni hiyo popoo. Mjanja ni yule anayesimama kabla ya mdomo wa dema na kujiuliza: kitu gani cha mviringo, viwili, kinafika ng'ambo ya mto bila kurowa? Macho. Huyo amekitegua kitendawili. Sikiliza: hatusemi amekinasua. Kitendawili kilikuwa kimetegwa, yeye akakitegua kabla hakijamnasa, sawasawa na lile bomu.

Wakishindwa, wamenaswa, nao hawana budi kujikomboa. "Nipeni mji," bibi anasema. "Tumekupa Wete!" Basi bibi ataingia Wete, atakaa, atakula atakunywa, atasifia mji na watu wake, akishashiba ndipo atoe jawabu. Mji ni malipo ya kunasuliwa. Mara nyingi husikia watu wakifundisha kwamba "tega!" ni kiitikio tu, kama "pakawa" inavyoitikia "paukwa" kwenye hadithi. Sikubaliani nao. "Tega!" ni amri yenye maana kamili, na mchezo wote umejengwa juu yake: kutega, kutegua, kunaswa, kutoa mji.

Sikio nalo. Mwalimu akisema "tegeni masikio", mtoto anaweza kuona hapa neno limechoka, halina mtego wowote. Lakini litazame sikio lenyewe: pana kwa nje, linabana kwa ndani, na sauti ikishaingia haitoki. Kusikia ni kitu kinachokupata hata usipotaka. Honi ya gari unaisikia. Kusikiliza ni kutia bidii. Kutega sikio ni jambo jengine dogo baina ya hayo mawili: kuligeuza upande ambao maneno yanapita, kutulia, na kuyaacha yaje yenyewe. Jirani anayetega sikio dirishani hafanyi kelele, hasogei, hahoji. Anangoja tu. Tofauti yake na mvuvi ni kwamba yeye hawezi kuliacha sikio pale akenda zake kulala, ingawa nawajua baadhi ambao wangefurahi sana kama ingewezekana.

Na mwanao asifikiri kwamba haya ya sikio ni mapambo ya washairi wetu wa Unguja na Pemba. Ni ya kale kuliko Kiswahili chenyewe. Waganda wanasema okutega kwa mtego, na okutega amatu kwa kutega masikio. Tena katika mzizi huo huo wana okutegeera, yaani kuelewa. Wanyarwanda wana gutega umutego na gutega amatwi, mtego na masikio vilevile, na wana gutegereza, ambayo ni kungoja. Hawa wako mbali na bahari yetu, madema ya kwetu hawayajui, lakini neno ni lile lile na limezaa watoto wale wale. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanauweka mzizi huu wa -teg- miongoni mwa ile ya zamani tuliyorithi pamoja. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba Mnyarwanda akisimama kandoni mwa barabara kungoja gari husema anatega imodoka. Amejiweka kwenye njia, anangoja lipite. Sisi hatusemi hivyo, ila ukimtazama mtu aliyesimama Darajani jioni akingoja gari ya kwao, huwezi kusema Wanyarwanda wamekosea.

Hilo la gari linanipeleka kwa mwalimu wa Kiingereza. Ni kweli kwamba "catch" yao inabeba mengi: samaki, mpira, mwizi, mafua na basi. Limeingia kwao katika zama za kati kutoka Kifaransa cha kaskazini, asili yake Kilatini captare, na ndugu yake wa tumbo moja ni "chase", kukimbiza. Kwa hiyo tangu mwanzo ni neno la mwenye mbio na mikono. Sisi kazi hizo tumezigawa. Samaki anavuliwa, mpira unadakwa, mwizi anakamatwa, gari inawahiwa. Na mafua? Mwambie mwanao aangalie vizuri hapa: Muingereza ndiye anayeyakamata mafua, kwetu mafua ndiyo yanayomshika mtu. Kila mtu na anavyoyaona maradhi. Lakini kwa swali letu, "catch" haisaidii kitu, kwa sababu Waingereza wenyewe wakitega mtego hawaitumii. Wanasema "set", neno lile lile wanalolitumia kwa kutayarisha meza ya chakula. Hata wao wanajua kwamba kutega ni kuweka tayari.

Sasa kaka mtu, anayetegea kazi. Hii ndiyo ngumu, na nadhani ndiyo iliyokufanya uandike.

Kwanza hakikisha mwanao anaandika "anategea", yenye e, kwani anayetega kazi na anayetegea kazi si mmoja. Pili, mueleze kwa mfano ambao ameuona kwa macho yake. Siku ya shughuli, sufuria kubwa la pilau linataka kuteremshwa mafigani. Linahitaji watu wanne. Watatu wameshazungushia matambara mikononi. Wa nne, ambaye dakika ile ile alikuwa amesimama hapo hapo akionja mchuzi, ghafla anainama kulitengeneza kubazi lake ambalo halina tatizo lolote. Anainama vizuri, anachukua muda wake, na anainuka sufuria limeshakaa chini. Huyo ametegea.

Umeona alichofanya? Hakukataa. Hakukimbia pia, aliyekimbia tungesema amekwepa. Yeye alijiweka mahali, akatulia, akangoja kazi imalizikie mikononi mwa wengine. Ameichukua ile nusu ya pili ya utegaji, nusu tamu, ya kungoja, akaiacha ile ya kusuka dema na kubeba mawe. Anachokitegea ni jasho la wenziwe, nalo limekuja lenyewe kama samaki. Ndiyo maana neno hili linauma kuliko "mvivu". Mvivu anaweza kuwa amelala tu, hana habari na mtu. Anayetegea anakuhesabu wewe.

Maana nyengine nitazipitia kwa haraka, kwani ukishapata msingi zinajieleza. Kutega ndoo chini ya mchirizi wakati wa masika kunaeleweka bila ya kuelezwa, ingawa wengi wetu hapo husema kukinga. Swali la mtego katika mtihani limewekwa katika njia ya mtoto aliyekariri bila kufahamu. Fedha za mtego ni zile noti zilizowekewa alama anazopewa mla rushwa, akizitia mfukoni tu mlango unagongwa. Mtu anaweza kukutegea mgongo umpande, au bibi akakutegea shavu umbusu. Yako na mavazi ya mitego, na liko tego, ambalo wenye kuamini uganga husema mume humtilia mkewe ili mzinzi aumbuke. Haya mawili ya mwisho hayahitaji kuingia kwenye daftari la darasa la sita. Mkubwa atakuja kuyasikia mwenyewe barazani.

Lipo moja ambalo huenda hata wewe hukulifikiria, na lipo kwenye mabango ya serikali: vitega uchumi. Wenzetu wa bara wamezoea zaidi kusema uwekezaji. Sisi tunayo hata Mamlaka ya Kukuza Vitega Uchumi Zanzibar, ambayo watu wanaiita ZIPA. Ukilichambua jina hilo utamkuta babu na dema lake. Kitega uchumi ni kitu unachokiweka, iwe nyumba ya kupangisha, mashua, au shamba la mikarafuu, kisha unangoja uchumi upite uingie. Aliyelibuni alikuwa na sikio zuri, kwa sababu neno lenyewe linasema na ile hatari: unaweza kutega na usipate. "Kuwekeza" halikuonyi hivyo.

Nakusogezea pia jambo moja la kitaalamu, kwa kuwa mwalimu wake anaweza kulitaja. Yapo maneno ambayo kweli ni mengi yaliyovaa kanzu moja. Paa la nyumba, paa anayekimbia msituni Jozani, na kupaa angani hayana uhusiano wa maana. Ukijua moja halikusaidii kulifikia jengine. Hayo huitwa homonimu, na kamusi huyapa kila moja mlango wake. Tega si hivyo. Ukimpa mtu maana ya dema na ukamwacha afikiri, anaweza kuifikia ya sikio na ya kitendawili mwenyewe. Hilo ni neno moja lenye maana nyingi, polisemia, na kamusi huliweka mlango mmoja wenye vyumba vilivyopewa nambari. Kipimo nilichokupa hapo juu, cha kuweka, njia na kungoja, ndicho ninachokitumia mimi kuamua kama maana fulani iingie mlango huu au ibaki nje.

Kwa kipimo hicho hicho, mwanao asichanganye tega na teka. Watoto wengi huchanganya, hasa wakiandika kwa haraka. Kuteka maji kisimani, kuteka mji, kuteka meli, na mateka wa vita: pote hapo mtu amekwenda mwenyewe akachukua kwa nguvu au kwa mkono. Hakuna kungoja. Ni neno jengine, na herufi ya pale katikati, g na k, ndiyo inayoyatenganisha.

Kwenye daftari aanze na maana ya dema, hata kama mwalimu amewaambia waanze na yoyote, kwa sababu ile ndiyo inayozieleza nyengine na nyengine haziwezi kuieleza ile. Afuatishe kitendawili, sikio, halafu bomu na vitega uchumi. Kutegea kazi aiweke mstari wake peke yake akionesha ile e. Mwenye madema amwite mtegaji, na kaka yake amwite mtegeaji. Akiulizwa kuhusu mguu ulioteguka, hiyo ni mali ya tegua: kiungo kilikuwa kimekaa mahali pake tayari kwa kazi, kikatoka. Aiandike chini ya tegua, na mwalimu akimkata alama kwa hilo, nitumie jina la skuli nimwandikie.